Mwanangu anasikia sauti: tumalize dawa za mganga kwanza?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 19. Tangu msimu wa karafuu ameacha skuli, halali, anajifungia chumbani na kuzungumza peke yake. Anasema majirani wanamfanyia njama na anasikia watu wakimtukana. Tumemnywesha kombe, na sasa yuko kwa mganga. Jamaa wanataka tumalize huko ndipo twende hospitali. Nifanyeje? – Mama, Wete

JIBU: Mama, mpeleke hospitali wiki hii, usingoje mganga amalize. Kisomo cha dua na kiendelee, hakigombani na dawa. Kinachomdhuru kijana ni kuchelewa.

Dalili ulizozitaja zinafanana na saikosisi: mtu husikia au huamini mambo ambayo walio karibu naye hawayasikii wala hawayaoni, na kwake yeye ni kweli tupu. Mara nyingi huanza ujanani. Hata hivyo bangi, kifafa au homa kali huweza kuleta hali kama hiyo, ndiyo maana lazima apimwe kwanza.

Kwa nini nakuharakisha? Katika mkoa wa Rogaland, Norway, mwaka 1997 madaktari walianza kutangaza dalili hizi magazetini, redioni na skuli, wakaunda timu ya kumwona mgonjwa upesi. Nusu ya wagonjwa walianza tiba ndani ya wiki 5. Kwingine kusikokuwa na mpango huo, wiki 16. Baada ya miaka 10, katika kila wagonjwa 100 wa eneo la mpango, kama 31 walikuwa wamepona na kurudi kwenye shughuli zao. Kwingine walikuwa 15.

Dawa peke yake haitoshi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015, wenye wagonjwa 404 katika kliniki 34, uliunganisha dawa, ushauri, mafunzo kwa familia na msaada wa kurudi masomoni au kazini. Waliopewa vyote walipata nafuu kuliko waliopewa huduma za kawaida, na waliowahi ndio waliofaidika zaidi. Hapa kwetu, Dar es Salaam na Mbeya, mpango wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, umewakutanisha wagonjwa na jamaa zao wajifunze pamoja.

Nyumbani, msimsimange wala msibishane naye kuhusu sauti hizo. Mtafiti Juli McGruder, aliyezichunguza familia za wagonjwa Unguja, aliona kuwa kuamini maradhi yametoka kwa mashetani kuliwasaidia jamaa wasimlaumu mgonjwa. Huruma hiyo ibakie. Minyororo na vipigo, hapana.

Anzia hospitali ya Wete au Chake Chake. Usikae kungoja nauli ya kwenda hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja. Mweleze daktari dalili zilianza lini, na taja kila dawa aliyokunywa, za mganga pia. Akipewa vidonge kisha akakakamaa mwili, akatetemeka au akalala kupita kiasi, rudini dozi irekebishwe, msiziache wenyewe. Hata akipata nafuu, huenda akahitaji kuendelea nazo mwaka mmoja au zaidi.

Akisema anataka kufa, au sauti zinamwamuru adhuru mtu, msingoje kuche: mpelekeni usiku huo huo.