SOMO LA WANACHAMA: MTANDAO WA WAVU KWA MAJENGO MAGUMU KUFIKIWA



Baadhi ya vyama vyetu vina ofisi, maghala au nyumba za kupangisha mjini, na katika majengo hayo intaneti ya waya haifiki, au huishia ghorofa ya chini. Kampuni ikiulizwa hujibu kwamba njia ya kupitisha waya haipo, au kwamba gharama ya kuchimba ni juu ya mteja. Somo hili laeleza njia waliyoitumia wakazi wa Berlin, nchini Ujerumani. Wao hawakuiita ushirika, lakini kila katibu atakayesoma hadi mwisho ataitambua kazi yake humo.

Ujerumani mbili ziliungana mwaka 1990. Katika miaka iliyofuata, mitaa kadhaa ya Berlin ya Mashariki, Friedrichshain ukiwa mmojawapo, ilitandikiwa mkongo wa nyuzi za kioo badala ya nyaya za simu za shaba. Ilionekana kuwa neema. Lakini intaneti ya kasi ilipoanza kuuzwa majumbani, ilipitishwa katika nyaya za shaba, na mkongo ule wa mwanzo haukuweza kuibeba. Basi waliotangulia kupewa kitu kipya wakabaki bila huduma, huku jirani mwenye waya mkuukuu akihudumiwa.

Majengo yenyewe nayo yalikuwa magumu. Mengi ni majumba ya ghorofa nne au tano yaliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, yenye nyumba ya mbele, kisha ua, kisha nyumba nyingine nyuma ya ua. Kuta ni za matofali na ni nene, na wimbi la redio likizipenya mbili tatu huwa limechoka. Aliye nyuma ya ua hasikii kitu kilicho barabarani.

Kuanzia mwaka 2002 baadhi ya wakazi walianza kujitolea chini ya jina Freifunk, yaani redio huru. Kila mmoja aliweka dirishani au juu ya paa kisambaza mtandao, ambacho mafundi hukiita rauta. Vifaa hivyo vilitumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hayahitaji leseni ya mtu mmoja mmoja, na nguvu yake ya kurusha haikuruhusiwa kuzidi miliwati 100. Hiyo ni ndogo kuliko ya balbu ya tochi.

Sasa yafaa tueleze neno wavu. Katika mtandao wa kawaida kila nyumba huunganishwa na kituo kimoja, na kituo kikizimika wote huzimika. Katika wavu, fundo hufungwa kwa mafundo yaliyo jirani nalo, na uzi mmoja ukikatika samaki hawamwagiki. Vivyo hivyo rauta ya paa hili hupokea ujumbe wa mwenyewe na kupitisha ujumbe wa jirani, hadi ufike kwa mwenye waya wa intaneti. Rauta hizo huarifiana kila mara ni nani anamsikia nani, na njia ikiharibika hutafuta nyingine bila kuamriwa na mtu.

Namna ya kuchagua njia ni hesabu ambayo katibu yeyote aiweza. Tuseme kati ya paa A na paa C, kila vipande 10 vya ujumbe vinavyotumwa hufika 5, na kila majibu 10 yanayorudi hufika 5. Gawanya 1 kwa zao la 0.5 na 0.5, utapata 4. Maana yake ni kwamba ujumbe mmoja wahitaji kutumwa mara nne ili ufike na kuitikiwa. Lakini iwapo paa B liko katikati, na A husikilizana na B bila kupoteza kitu, na B na C vilevile, basi gharama ni 1 na 1, jumla 2. Njia ya kupitia kwa jirani ni ndefu lakini ni nafuu. Paa B likikataa kupitisha, C hubaki na njia ya 4 hata kama amenunua kifaa ghali kuliko wote.

Wavu una kasoro yake, na fundi anayeificha asipewe kazi. Rauta yenye redio moja haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja. Fikirini watu watatu wanaopokezana ndoo, na sharti ni kwamba anayesogea awe mmoja tu. Ikiwa hatua moja yapitisha megabiti 24 kwa sekunde, hatua mbili zitapitisha 12, na tatu 8, nazo ni hesabu za siku njema. Ndiyo sababu watu wa Berlin hawakuridhika na rauta za madirishani. Waliomba ruhusa ya kupanda majengo marefu na minara ya makanisa, kama lile la Zwingli huko Friedrichshain, wakafunga antena zinazotazamana kwa masafa ya gigahezi 5. Ujumbe wa mbali ukapita juu, na wavu wa mitaani ukabaki na hatua chache.

Pamoja na vifaa, mitandao ya namna hii ilihitaji mapatano. Watu wa Freifunk na wenzao wa miji mingine walitumia mapatano mafupi yaitwayo Pico Peering. Mwenye kifaa hukubali kupitisha ujumbe wa wengine bila malipo, bila kuuzuia wala kuubadili. Hukubali pia kutangaza habari zinazohitajika ili wengine waungane naye. Tena husema wazi kwamba hatoi dhamana yoyote ya huduma. Kifungu hicho cha mwisho nakikubali kwa watu wa kujitolea. Kwa chama kinachokusanya ada ya wapangaji sikikubali, kwa kuwa anayetoza fedha hana budi kujibu simu.

Sheria nayo iliwapata. Mwezi Mei 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba mwenye waifai isiyolindwa vya kutosha aweza kushtakiwa akomeshe kosa lililotendwa na mtu mwingine kwa kupitia kwake. Baadhi ya vikundi vya Freifunk vilianza kupitisha ujumbe wao Sweden kwanza ndipo uingie katika intaneti. Sheria ilirekebishwa mwaka 2017. Chama cha Tanzania kisisubiri mahakama: kabla ya kumtoza mpangaji hata shilingi moja, kiandike barua TCRA kuuliza leseni ipasayo.

Mfano wa ushirika halisi upo pia, ingawa ni wa kijijini. Wakazi wa Mankosi, Eastern Cape, Afrika Kusini, waliandikisha ushirika wao Zenzeleni mwaka 2014, wakaendesha wavu wao kwa umeme wa jua.

Niruhusuni niseme jambo la ukaguzi. Katika chama kimoja nilikuta wapangaji wamekaa wiki sita bila mtandao, na hati za malipo ya intaneti zikipitishwa kama kawaida. Rauta ya paani ilikuwa nzima. Swichi ya umeme wake ilikuwa imezimwa na fundi wa bomba, na kijana aliyeifunga alikuwa amehama na ufunguo wa mlango wa paa. Kifaa hakikuandikwa katika daftari la mali. Mwaka uliotangulia nilikagua chama hichohicho mimi mwenyewe, nikapitisha hesabu bila kupanda paani. Hoja hiyo ilinihusu na mimi, nami niliiandika.

Chama kitakachosoma somo hili katika darasa lake kijadili haya. Paa ni mali ya nani, na ruhusa imeandikwa wapi? Umeme wa rauta ya jengo B unalipwa na jengo lipi, ikiwa faida yake kubwa yaenda C? Ufunguo wa pili unatunzwa na nani, na jina lake limo katika muhtasari wa Bodi? Mwanachama akihama na kutaka kuondoka na kifaa chake, je, Masharti ya Chama yasemaje? Kisha chukueni karatasi, mchore majengo yenu, mwandike ni paa lipi linaliona lipi kwa macho, na mhesabu hatua kutoka kwenye waya wa intaneti hadi chumba cha mwisho nyuma ya ua.