Mkono wa Mkeo Baada ya Upasuaji wa Titi

Mama anapokatwa titi kwa sababu ya kansa, mara nyingi daktari huondoa pia tezi za kwapani. Tezi hizo huchuja na kupitisha maji yanayotoka mkononi. Zikipungua, mkono waweza kuvimba, hata baada ya miaka mingi.

Kwa ninyi mnaolima miwa huko Awendo, jambo hili si dogo. Jani la muwa hukata kama wembe, na vijidudu hupenya. Bwana, kata na kubeba miwa wewe. Naye avae glavu akipalilia. Akichubuka, aoshe mara moja kwa maji na sabuni. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au akishikwa na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini usimkalishe bure. Mkono usiotumika hukakamaa. Aunyanyue polepole, ajichane nywele mwenyewe, arudie kazi kidogo kidogo kama alivyoelekezwa.

Nawe mama, pete ya ndoa ikianza kubana, ivue umwonyeshe mumeo. Wengine huogopa, wakidhani kuivua ni kuvunja ahadi. Sivyo! Nendeni kliniki wote wawili, kwani uvimbe ukishughulikiwa mapema hutulizika kwa urahisi zaidi.