Wazee na Maradhi ya Kudumu: Ustadi wa Kujitunza

Malaria huanza, hutibiwa na huisha. Baridi yabisi, kisukari na ugonjwa wa moyo havina mwisho wa namna hiyo. Mzee mwenye maradhi hayo humwona daktari dakika chache tu kwa mwezi. Saa zote zilizobaki mwangalizi wa mwili wake ni yeye mwenyewe. Je, uangalizi huo waweza kufundishwa?

Mwishoni mwa miaka ya 1970, muuguzi Kate Lorig na daktari Halsted Holman walianza kulichunguza swali hilo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wagonjwa wa baridi yabisi walikutana mara moja kwa juma, kwa majuma kadhaa, wakijifunza mazoezi ya viungo, njia za kutuliza maumivu, na namna ya kuzungumza na daktari. Viongozi wao hawakuwa madaktari. Wengi walikuwa wagonjwa wenzao waliopewa mafunzo.

Wanafunzi hao walipata nafuu, lakini sababu yake iliwashangaza watafiti. Ilitazamiwa kwamba aliyezidisha mazoezi ndiye angepata nafuu zaidi. Uhusiano huo ulikuwa hafifu. Kilichoambatana na nafuu kwa nguvu zaidi ni imani ya mgonjwa kwamba anaweza kuyamudu maradhi yake. Mwanasaikolojia Albert Bandura, wa chuo hicho hicho, alikwisha kueleza mwaka 1977 kwamba imani ya aina hii hujengwa hasa na kufaulu katika tendo, na kumwona mtu wa hali kama yako akifaulu. Maneno ya kutia moyo yana nguvu ndogo zaidi.

Ndiyo maana katika mafunzo haya kila mgonjwa hujiwekea azimio dogo la juma. “Nitafanya mazoezi” si azimio. “Nitatembea dakika kumi kabla ya chai ya asubuhi, siku nne” ndilo. Kisha hutaja, kwa namba kati ya 0 na 10, ana hakika kiasi gani ya kulitimiza. Namba ikiwa chini ya 7, azimio hupunguzwa. Anayeshindwa hakemewi, wenzake humsaidia kutafuta kizuizi.

Jaribio lililochapishwa mwaka 1999 lilihusu wagonjwa 952 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wa moyo, mapafu, kiharusi au baridi yabisi. Baada ya miezi 6 waliofundishwa walikuwa na uchovu mdogo, na walilala hospitali siku chache kuliko waliongoja zamu yao. Maumivu na kukosa pumzi havikutofautiana. Katika jaribio la Uingereza la mwaka 2007, lenye wagonjwa 629, kujiamini kuliongezeka, lakini matumizi ya huduma za afya hayakupungua. Wanaoutetea mpango huu kwa hoja ya kubana gharama hawana budi kuyapima matokeo hayo. Wanaoutetea kwa ajili ya mgonjwa wana hoja imara zaidi.

Mwalimu aweza kuliuliza darasa: kwa nini katika majaribio yote mawili wagonjwa waligawanywa kwa kura, badala ya kuwalinganisha waliojiandikisha na waliokataa?