Somo: Wasiwasi Usitushinde

Mvua ikichelewa usingizi unatuhama. Tunakesha tukihesabu madebe ya mahindi yaliyobaki. Lakini hesabu hiyo haiongezi hata punje moja!

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Filipi akiwa kifungoni. Tufungue Wafilipi 4:6-7. Anatufundisha mambo matatu: tusijisumbue, tumwambie Mungu haja zetu zote, tena tumshukuru. Hasemi kwamba minyororo itafunguka. Anasema amani ya Mungu italinda mioyo yetu.

Basi usiku tusali, tuitaje shida yenyewe. Asubuhi tushike jembe, tupande mtama, maana unavumilia ukame. Na jirani aliyeishiwa tusimwache peke yake.

Maswali:
1. Paulo alikuwa wapi alipoandika barua hii?
2. Wewe unahangaikia nini? Umeshamwambia Mungu?