Seli za Mchicha na Seli za Mtoto



Mchicha uliochumwa asubuhi ukikaa juani hunyauka. Majani hulegea na mashina hupinda. Mama akiutia katika beseni la maji, baada ya muda husimama tena.

Mtoto anayeharisha sana naye hulegea. Macho huzama. Midomo hukauka. Lakini mtoto hawezi kutiwa katika beseni la maji akapona. Kwa nini? Jibu limo katika vitu vidogo sana viitwavyo seli. Leo tutajifunza habari za seli, kisha tutaona jinsi elimu hiyo inavyookoa maisha ya mtoto.

SELI NI NINI?

Nyumba hujengwa kwa matofali. Mwili wa kila kiumbe hai nao umejengwa kwa seli. Mchicha una seli. Mbuzi ana seli. Wewe pia una seli. Lakini tofali halina uhai, na seli ina uhai. Seli hutumia chakula na hewa, hutoa taka, hukua, na hugawanyika zikawa mbili. Kidonda chako hufunga kwa sababu seli za pembeni hugawanyika na kujaza pengo.

Seli ni ndogo mno. Chukua rula utazame milimita 1. Seli nyekundu za damu zipatazo 130 zikipangwa mstari mmoja, ndipo hufikia milimita hiyo 1. Ndiyo maana huzioni kwa macho matupu. Huonekana kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo.

Mwaka 1665 Mwingereza aitwaye Robert Hooke alitazama kipande chembamba cha gamba la mti kwa hadubini. Aliona vyumba vidogo vidogo, kama vya sega la nyuki. Vyumba hivyo akaviita seli. Baadaye, mwaka 1838 na 1839, Wajerumani wawili, Schleiden na Schwann, walieleza kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa seli.

NDANI YA SELI

Seli ya mmea na seli ya mnyama zina mambo mengi yanayofanana. Tuyatazame.

Utando: Hii ni ngozi nyembamba inayoizunguka seli. Utando una milango midogo. Huruhusu vitu vingine kupita na kuvizuia vingine.

Kiini: Hiki ni kama mzee wa nyumba. Kinatunza maagizo ya kazi zote za seli.

Ute: Huu ni uji mwepesi uliojaa ndani ya seli. Sehemu kubwa ya ute ni maji.

Mitokondria: Haya ni kama majiko. Humo chakula huunguzwa kwa msaada wa hewa ya oksijeni, na seli hupata nguvu.

Sasa tuone tofauti. Seli ya mmea ina vitu vitatu ambavyo seli yako haina.

Kwanza, ina ukuta mgumu nje ya utando. Ukuta huo ndio unaoupa mti ugumu wake, ingawa mti hauna mifupa.

Pili, ndani yake mna mfuko mkubwa wa maji, kama mtungi. Mtungi ukijaa, seli husukuma ukuta wake, na jani husimama imara. Mtungi ukipungua, jani hunyauka.

Tatu, seli za majani zina rangi ya kijani iitwayo umbijani. Kwa rangi hiyo mmea hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Sisi hatuwezi kufanya hivyo. Ni lazima tule.

CHUMVI HUVUTA MAJI

Umewahi kutengeneza kachumbari? Ukikata vitunguu na matango, kisha ukanyunyiza chumvi, baada ya muda mfupi bakuli huwa na maji. Maji hayo hukuyatia wewe. Yametoka ndani ya seli za vitunguu na matango. Chumvi iliyoko nje imeyavuta kupitia kwenye utando.

Hiyo ndiyo sheria ya seli: maji hupita kwenye utando kwenda upande wenye chumvi nyingi au sukari nyingi. Kumbuka sheria hii. Tutaihitaji.

MTOTO ANAPOHARISHA

Utumbo wetu umetandikwa seli kwa ndani. Seli hizo hunyonya maji, chumvi na chakula na kuviingiza katika damu. Vijidudu vya kuharisha vikiingia kwa maji au chakula kichafu, huharibu kazi hiyo. Vijidudu vya kipindupindu hutoa sumu inayozifanya seli za utumbo zimwage chumvi. Maji nayo huifuata chumvi hiyo, kwa sheria ile ile ya kachumbari.

Maji yanayopotea kwanza ni ya damu na yale yanayozizunguka seli. Damu hupungua. Seli za ubongo, figo na moyo hukosa oksijeni na chakula. Mtoto mdogo akiharisha sana anaweza kufa kwa muda wa saa chache. Mara nyingi kinachomuua si kinyesi chenyewe, bali ni upungufu wa maji na chumvi mwilini.

Wapo watu wasemao, "Mtoto anayeharisha asipewe maji, tutamwongezea kuharisha." Ndugu zangu, hayo ni makosa makubwa. Mmea ulionyauka tunaumwagilia. Kwa nini mtoto tumnyime maji?

MLANGO ULIOBAKI WAZI

Lakini maji matupu hayatoshi, kwa sababu chumvi pia imepotea. Hapa wataalamu waligundua jambo kubwa. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba seli za utumbo zina mlango unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Vikipita, maji huvifuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata wakati mtoto anaharisha!

Mwaka 1971 wakimbizi wengi walikimbia vita katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Katika kambi ya Bangaon, nchini India, kipindupindu kilizuka na maji ya kutundika yakapungua. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari. Kabla ya hapo, wagonjwa wapatao 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Baada ya hapo walikufa chini ya 4 katika kila 100.

DAWA YENYEWE

Dawa bora ni pakiti ya chumvichumvi, yaani ORS, ya kituo cha afya au duka la dawa. Soma kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, usipunguze wala usizidishe.

Kama pakiti haipo, tengeneza hivi wakati unatafuta msaada:
1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Pima lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Chupa mbili za nusu lita ni lita 1.
3. Tia sukari vijiko vidogo vya chai 6.
4. Tia chumvi nusu kijiko kidogo cha chai.
5. Koroga mpaka viyeyuke, kisha onja. Isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga utengeneze nyingine.

Vijiko viwe vimesawazishwa, visiwe na kilima. Kumbuka sheria ya kachumbari. Chumvi ikizidi huvuta maji kutoka katika seli za mtoto, hata za ubongo. Sukari ikizidi huvuta maji kwenda utumboni, na kuharisha huongezeka. Kwa hiyo soda si dawa ya kuharisha.

Kila mara mtoto anapoharisha, mnyweshe. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe. Mkubwa zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Mnyweshe polepole. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Dawa iliyokaa siku nzima imwagwe. Kituoni uliza pia vidonge vya zinki, ambavyo mtoto hupewa kwa siku 10 hadi 14.

Mpeleke mtoto kituoni upesi ukiona dalili hizi: hawezi kunywa, anatapika kila kitu, analegea au kusinzia mno, macho yamezama, analia bila machozi, hakojoi, au kinyesi kina damu. Mfinye ngozi ya tumbo taratibu. Ikirudi polepole, maji yamepungua mwilini. Njiani endelea kumnywesha kama anaweza kunywa.

JARIBU NYUMBANI

Kata kiazi mviringo vipande viwili vyembamba. Kimoja kitie katika maji matupu, kingine katika maji yenye chumvi nyingi. Baada ya saa chache vipinde kwa vidole. Cha maji matupu ni kigumu. Cha chumvi kimelegea. Waonyeshe jirani na watoto, uwaeleze sababu.

MASWALI

1. Taja vitu vitatu vilivyomo katika seli ya mmea ambavyo havimo katika seli ya mtu.
2. Kwa nini kachumbari hutoa maji?
3. Kwa nini tunatia sukari pamoja na chumvi katika maji ya mtoto anayeharisha?
4. Kuna hatari gani chumvi ikizidi?

Jadilini majibu katika kikundi chenu. Kisha kila mmoja aende nyumbani atazame: je, sukari, chumvi, kijiko na chombo cha kupimia lita 1 vipo? Afadhali kuvitafuta leo kuliko kuvitafuta usiku mtoto akiwa amelegea mikononi.