Kitabu Kikifungwa: Maandalizi ya Mtihani wa Uhasibu

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu iliundwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972, ikaanza kazi mwaka 1973. Mitihani yake ndiyo mlango wa kupata cheti cha CPA, na wengi wanaoifanya wamo kazini. Mfano ni karani wa chama cha ushirika cha korosho huko Kiegei, wilayani Nachingwea. Mchana huandika stakabadhi. Jioni ana saa mbili tu, na madarasa ya marudio yako mbali. Saa hizo azitumieje?

Watahiniwa wengi husoma sura ileile mara nyingi, wakipiga mistari chini ya maneno. Maneno yakizoeleka machoni, hudhaniwa yamekwisha kuingia akilini. Dhana hiyo imepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma tena; wengine waliandika waliyoyakumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42 tu, na wenzao 56. Mtihani, kwa bahati mbaya, haufanywi baada ya dakika 5.

Basi karani akiisha kusoma juu ya uchakavu, na afunge kitabu, ajiulize: mashine ya kubangulia korosho imenunuliwa kwa shilingi 6,000,000, itatumika miaka 5, kisha itauzwa kwa 1,000,000. Ikiwa uchakavu ni sawa kila mwaka, ni kiasi gani? Anayegawanya 6,000,000 kwa 5 hupata 1,200,000, naye amekosea, kwani hakutoa kwanza thamani ya mwisho. Jibu ni 1,000,000. Kisha aandike pande zote mbili: gharama ya uchakavu kwenye debiti, limbikizo la uchakavu kwenye krediti. Ndipo afungue kitabu kujisahihisha.

Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huenda kasi mwanzoni, kisha hupungua. Kwa hiyo swali hilo lirudiwe baada ya siku 2, baada ya wiki, na baada ya mwezi, tarakimu zikibadilishwa. Mwezi wa mwisho ni wa karatasi za mitihani iliyopita, nzima nzima, kwa muda kamili.

Mwalimu wa hesabu za biashara katika sekondari naye aweza kuanza kila kipindi kwa maswali matatu ya wiki iliyopita, madaftari yakiwa yamefungwa, bila kutoa alama.