Mashahidi wa Chapa: Namna Mashine za Akili Bandia Zinavyopima Sifa ya Bidhaa

Mnunuzi wa taa ya sola hawezi kuuona ubora wake kwa macho. Betri imefichwa ndani, na ahadi ya saa kumi na mbili za mwanga iliyochapwa juu ya boksi haikumgharimu chochote aliyeiandika. Zamani mnunuzi alimwuliza jirani aliyekwisha kuitumia taa ya namna ile. Siku hizi wapo wengi wanaoliandika swali hilo kwenye simu, na programu ya akili bandia huwajibu kwa aya moja au mbili zenye majina ya taa zinazofaa. Chapa isiyotajwa humo ni kama haipo sokoni. Ndiyo maana wafanyabiashara wanatamani sana kujua mashine hizo humsadiki nani, na mwanafunzi wa sayansi anayo sababu kubwa zaidi ya kutaka kujua.

Chanzo cha jambo hili ni cha kale kidogo. Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza njia ya kupanga kurasa za intaneti kwa umuhimu. Kila kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kilihesabiwa kuwa ni kura, na kura ya ukurasa uliopigiwa kura nyingi ilikuwa nzito zaidi. Kwa hiyo kujisifu hakukusaidia. Ilibidi kusifiwa na wengine. Wajanja walianza kununua viungo, na mwaka 2012 Google ikabadili hesabu zake ili kuwashusha. Mchezo huo wa paka na panya haujesha.

Mashine ya kujibu hufanya kazi kwa namna tofauti. Kwanza, modeli ya lugha hufundishwa kwa maandishi mengi mno, nayo hujifunza maneno yapi huandamana na yapi. Jina la taa likitajwa mara nyingi karibu na neno "imara", uhusiano huo hubaki ndani ya modeli. Pili, kwa utaratibu ulioelezwa katika utafiti wa mwaka 2020, programu inaweza kutafuta kwanza katika faharasa ya maandishi, ikachagua vifungu vichache vinavyolihusu swali, kisha ikatunga jibu kutokana navyo. Baada ya ChatGPT kufunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, mashine za kujibu zilienea upesi, na nyingi sasa hutumia njia zote mbili. Kampuni zinazoziendesha hazitangazi hesabu zao zote. Hata hivyo jambo moja ni wazi: mashine haiiwashi taa wala haiipimi betri. Husoma ushahidi wa watu tu.

Hapa ndipo hesabu ya uwezekano inapohitajika. Ichukuliwe kwamba kila shahidi hukosea mara moja katika tano. Mashahidi watatu waliojipimia wenyewe, kila mmoja bila kumtegemea mwenzake, watakosea wote kwa uwezekano wa 1/5 × 1/5 × 1/5, yaani 1/125. Lakini kama mtengenezaji wa taa ameandika tangazo, na maduka kumi yakalinakili neno kwa neno, uwezekano wa wote kukosea pamoja ni 1/5 ile ile. Kurasa ni kumi na moja. Shahidi ni mmoja. Wanazuoni wa hadithi waliufahamu mtihani huu karne nyingi kabla ya kompyuta: hawakuhesabu wasimulizi tu, bali waliuliza kila mmoja amepokea kutoka kwa nani.

Kompyuta inaweza kutambua maandishi yaliyonakiliwa bila kubadilishwa. Yakiisha kuandikwa upya kwa maneno mengine, kazi inakuwa ngumu, na leo mashine hizo hizo za lugha huandika upya kwa dakika chache. Kosa huweza hata kujizalia ushahidi wake. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa Marekani aliongeza kwa mzaha katika makala ya Wikipedia kwamba coati, mnyama wa Amerika aliye jamaa ya rakuni, huitwa pia "mhanga wa Brazili". Jina hilo halikuwapo. Baadaye magazeti ya Uingereza yaliliandika, likaingia hata katika kitabu cha chuo kikuu, na maandishi hayo yakarudishwa Wikipedia kama uthibitisho. Jarida la The New Yorker lilikisimulia kisa hicho mwaka 2014. Miaka kumi baadaye, Mei 2024, majibu ya akili bandia ya Google yalimshauri mtu atie gundi katika mchuzi wa piza ili jibini ishike. Ushauri huo ulitokana na mzaha ulioandikwa na mtu intanetini zaidi ya miaka kumi nyuma.

Basi mtengenezaji mwaminifu afanye nini? Taa za sola zina mfano mzuri. Mwaka 2007 Benki ya Dunia na shirika lake la fedha la IFC walianzisha mpango wa Lighting Africa, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Taa mbovu zilikuwa zikiwakatisha watu tamaa ya nishati ya jua yenyewe, kwa hiyo mpango uliweka viwango na kupeleka taa maabara. Mwangaza ulipimwa kwa lumeni, na muda wa kuwaka ukapimwa baada ya siku moja ya kuchaji. Tangu 2020 kazi hiyo ya upimaji iliendelezwa na VeraSol, inayochapisha matokeo katika orodha iliyo wazi kwenye intaneti. Taa iliyomo katika orodha hiyo imepata shahidi ambaye si mwenye duka wala mwenye kiwanda. Alama za Shirika la Viwango Tanzania na la Kenya zina kazi ya jamii hiyo. Maoni ya watumiaji nayo yana thamani yakiwa ya kweli. Marekani iliweka kanuni ya kupiga marufuku maoni ya kubuni, ikaanza kutumika Oktoba 2024.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao wa India walichapisha mwaka 2024 majaribio kuhusu kurasa zinazotajwa na mashine za kujibu. Kutaja vyanzo, kunukuu wataalamu na kuweka takwimu kuliongeza kuonekana kwa ukurasa kwa hadi asilimia 40, ilhali kurudiarudia maneno ya utafutaji hakukusaidia. Matokeo hayo yatumiwe kwa hadhari. Kilichopimwa ni kuonekana, si ukweli. Takwimu ya uongo nayo ni takwimu.

Kwa wasomaji wa Kiswahili hatari ni kubwa kuliko kwa wengine. Maandishi ya lugha hii ni sehemu ndogo sana ya intaneti, na swali la mbolea au dawa linaloulizwa kwa Kiswahili huenda likapata vifungu viwili vitatu tu vya kujibia. Palipo na mashahidi elfu, mwongo mmoja humezwa. Palipo na watatu, ni theluthi ya baraza. Kila maabara, chuo na kituo cha utafiti kinachoandika matokeo yake kwa Kiingereza peke yake kinauacha uwanja huo kwa wenye matangazo.

Zoezi la darasani: wanafunzi wachague bidhaa moja inayouzwa mjini kwao, waiulize mashine kuhusu ubora wake, kisha wafuate kila chanzo kinachotajwa hadi mahali habari ilipoanzia. Wachore mti wa vyanzo ubaoni, kila mshale ukitoka kwa aliyenakili kwenda kwa aliyenakiliwa. Wahesabu majani, kisha wahesabu mizizi, na kwa kila mzizi waandike nani alipima, kwa chombo gani, na nani alimlipa.